Bawabu Aliyeridhika na Salama

Nadra Famau ni mtu mwoga, na heri niseme mapema, kwa sababu ukimwona mtaa wa Langoni, pale Lamu, amejitanda buibui lake, mkoba begani, akipita kati ya punda na mikokoteni bila kugeuza shingo, utadhani hana analoliogopa duniani. Punda hawaogopi. Bahari haiogopi pia. Kazaliwa kisiwani, kijiji cha Kizingitini, binti wa mnunuzi wa kambakoche, na kuogelea alikujua kabla ya kujua kusoma. Anachoogopa Nadra ni kimya. Kimya cha simu, kimya cha mashine, kimya cha mtu aliyekuwa akizungumza kisha akanyamaza. Wengine kimya huwapumzisha. Yeye humtoa jasho.

Na mtu wa namna hii, kati ya kazi zote za mjini, akaenda akachagua kazi ya kusikiliza kimya mchana kutwa.

Alisomea kompyuta Mombasa, akarudi Lamu akawa anachapa kadi za harusi na kupiga picha vitambulisho vya watu, mpaka Jumuiya ya Mashua za Wagonjwa ilipotafuta fundi. Jumuiya hiyo ndiyo inayobeba wagonjwa waliozidiwa kutoka visiwani. Muuguzi wa zahanati, awe Matondoni au Ndau, hutuma ujumbe kwa simu. Ujumbe huingia kwenye seva za Jumuiya, na seva humtafuta nahodha aliye karibu na kumpigia kengele ya king'ora kwenye simu yake. Seva zenyewe zimekaa ndani ya kabati la mbao katika sabule, chumba cha wageni cha nyumba ya zamani ya mawe. Wageni waliokuwa wakikaribishwa humo kwa kahawa na halua hawapo tena. Siku hizi mnaunguruma feni, na Nadra ameketi mbele ya skrini na kikombe chake.

Ndani ya seva hizo mna programu ambazo mtu hazioni. Hazina dirisha wala kitufe. Zimejificha nyuma huko zikifanya kazi kimyakimya, na siku zikifa, hufa kimyakimya pia. Mbili ndizo zilizo na maisha ya watu mkononi. Ya kwanza Nadra huiita Mpokezi: hupokea ujumbe wa muuguzi na kumjibu hapo hapo, "Ujumbe umepokelewa, mashua inakuja." Ya pili huiita Mpelekaji: huuchukua ule ujumbe ikamfikishia nahodha. Aliyeziandika ni Cherono, mwanamke wa Eldoret aliyekaa Lamu muda, akala samaki mpaka akachoka, kisha akaenda zake Nairobi na kumwachia Nadra funguo zote.

Cherono hajamaliza hata kufungua masanduku yake Nairobi, Mpokezi akafa. Hakuna aliyejua. Mzee mmoja wa Ndau alipooza upande siku hiyo, muuguzi akatuma ujumbe, ujumbe ukaingia gizani, na mzee akabebwa kesho yake na mashua ya samaki. Alipona, lakini hakutamka neno tena. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu, wakaendelea na shughuli zao. Nadra hakuendelea. Skrini tulivu hakuiamini. Akiwa sokoni, akiwa jikoni, akiwa na mumewe Fawaz wakinywa chai, ungemwona anainuka ghafla kwenda kutazama kama mashine iko hai.

"Wewe umeolewa na seva," Fawaz alimwambia. "Mimi nimekuwa mke mwenza."

Nadra alicheka naye. Hakumwambia kwamba anaogopa. Watu walipomuuliza hali alijibu salama, kama mtu yeyote wa Lamu aliyefundwa akafundika.

Ndipo akamtengeneza Bawabu.

Bawabu ni programu ya kuzichunga programu nyingine. Nadra alikaa wiki nzima akiandika mipangilio yake: azijue programu zote kwa majina, azipigie hodi kila dakika, aziulize, "U hai?" Inayojibu, "Hai," iwekewe nukta ya kijani kwenye skrini. Isiyojibu, iulizwe mara ya pili. Ikinyamaza tena, Bawabu aiwashe upya mwenyewe, na asiposikia kitu ampigie Nadra simu, aipige mpaka ipokewe. Alipomaliza alimjaribu kwa kuziua programu kwa mkono wake. Akamuua Mpokezi; Bawabu akamfufua kabla Nadra hajameza funda la chai. Akamuua Mpelekaji, vivyo hivyo. Nadra aliziangalia nukta zile za kijani zimepangana, na kwa mara ya kwanza tangu yule mzee wa Ndau, alikula chakula akasikia ladha yake.

Lakini Cherono alimwambia kwa simu, "Nadra, hiyo haitoshi. Ukiuliza programu kama iko hai, itakwambia tu iko hai. Ipatie kazi. Tuma ujumbe wa majaribio kutoka mwanzo hadi mwisho, mpaka simu ya nahodha ilie. Ikilia, hapo ndio unajua iko sawa."

Nadra aliona ni maneno ya kweli, akatengeneza. Jaribio la kwanza akalipanga Ijumaa baada ya swala, saa ambayo aliamini watu wamepumzika.

Sasa, nahodha wa boti ya Kizingitini ni Bwana Jeilani. Ni mtu mzima, mpole akiwa ameshiba. Ijumaa ile alikuwa kwenye walima wa mpwa wake, amekaa mbele ya sinia, kanzu nyeupe mpya na kofia ya vito, mkono ndio kwanza unaingia kwenye pilau. King'ora kikalia. Ujumbe ulisema mgonjwa, Ndau. Hakusoma neno la mwisho lililosema "majaribio", na nani angelisoma? Aliinuka mbio, akaingia maji ya magoti na kanzu yake ya harusi, akakata bahari mpaka Ndau, akaruka kwenye gati amelowa chumvi na petroli. Muuguzi wa hapo, Patroba, kijana wa Busia, alikuwa kibarazani anakunywa uji.

"Karibu, Nahodha," akamwambia. "Kuna nini?"

Kesho yake Jeilani alikuja Lamu mwenyewe mpaka sabuleni. Hakukaa alipoambiwa akae.

"Bi Nadra, mimi ni sawa na babako. Nimeondoka kwenye sinia, nimeingia mai ya bahari na kanzu ya harusi, nafika Ndau naambiwa ati ilikuwa kujaribu! Mwaniteza shere? Kizingitini nzima yancheka."

Nadra alitamani ardhi impasukie. Aliomba radhi tena na tena. Mwenyekiti wa Jumuiya, Bwana Abdulghafur, mzee wa tasbihi asiyepandisha sauti, alimtuliza Jeilani, akampa kahawa, akampeleka mpaka mlangoni. Kisha akamgeukia Nadra.

"Mwanangu, mtu mzima haitwi bure. Wewe iulize mashine yako hali. Ikikwambia salama, yatosha. Watu waate wale pilau yao."

Na Nadra akaliondoa lile jaribio. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe sidhani kama fundi wa kwingine angelifanya, maana huko mashine zimewekwa mbele ya nyuso za watu. Nadra aliogopa kimya, lakini aliogopa zaidi uso wa Jeilani. Haya ilimshika. Alijiambia atazungumza na manahodha taratibu, awazoeze, kisha atalirudisha. Cherono alimuuliza mara mbili, mara mbili akajibiwa, "Nitalifanya." Miezi ikapita. Bawabu akawa anapiga hodi, anajibiwa, anashukuru, anaondoka.

Na ukitazama vizuri, Bawabu alifundishwa adabu za kwetu barabara. Sisi mtu akituuliza hali, hujibu njema kwanza. Nyumba ikiwa imeungua, hujibu njema, kisha ndio tukasema, ila nyumba imeungua. Anayeijua desturi hii huisubiri ile "ila". Bawabu hakufundishwa kuisubiri. Akishasikia "Hai" amekwisha, anageuka.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, jua kali la baada ya alasiri. Nadra alikuwa sabuleni tangu asubuhi, na hakuna ujumbe hata mmoja uliokuwa umetoka. Si mtoto wa homa, si mvuvi aliyejikata, hakuna. Siku kama hizo hutokea, na mtu mwingine angelisema alhamdulillahi. Nadra alivuta kiti karibu na skrini. Akazitazama nukta: kijani, kijani, kijani. Akamwamsha Bawabu kwa mkono, akamwambia aulize tena. Hai. Hai. Hai. Alijisuta, akajiambia hofu imekuwa tabia, akachukua simu ampigie mdogo wake ili moyo utue.

Mdogo wake, Nasreen, kaolewa Ndau. Alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza kushika baada ya kungoja miaka. Kila siku baada ya alasiri Nadra humpigia.

"Assalaam alaykum, Nasreen."

"Waalaykumu salaam, dada."

"Huyambo?"

"Siyambo, alhamdulillahi."

"Mwili wako?"

"Salama."

"Mumeo?"

"Salama. Yuko baharini."

"Na huyo wa tumboni?"

"Salama, dada. Nawe? Fawaz? Mama umezungumza naye?"

"Sote salama."

Sauti ya Nasreen ilikuwa nyembamba, lakini mtandao wa Ndau huzifanya sauti zote nyembamba. Nadra alisikia moyo wake unashuka mahali pake. Alitaka kurudi kazini.

"Haya, mdogo wangu, nikuate upumzike."

"Haya, dada." Kisha Nasreen akavuta pumzi. "Ila..."

"Ila nini?"

"Ila yatoka damu. Tangu asubuhi. Usitie hofu, dada. Niko zahanati hapa, nimelala. Bwana Patroba alituma ujumbe kitambo, na mashine yenu ikamjibu kuwa mashua inakuya. Ametuma tena, ikamjibu vivyo hivyo. Ndiyo twaingoja."

Nadra aliinua macho kwenye skrini. Mpokezi, kijani. Mpelekaji, kijani. Hakuna ujumbe uliotoka tangu asubuhi, na mdogo wake anatoka damu tangu asubuhi. Alielewa yote kwa mara moja. Tangu asubuhi yeye alikuwa hapa anakunywa chai. Tangu asubuhi Nasreen alikuwa amelala kule, na aliyemlaza kwa maneno matamu ni programu ya Nadra, na aliyemwambia Nadra kila kitu ni salama ni programu yake nyingine.

"Usiinuke hapo," alisema. "Usiinuke hata kidogo. Nakata, napiga nahodha."

Jeilani alipokea kwa mlio wa kwanza.

"Bi Nadra! Salama huko? Wazima nyote?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Nadra hakumjibu mtu mzima salamu. "Ndau! Sasa hivi! Mja mzito anatoka damu."

"Mbona mimi sina kengele?"

"Kengele imekufa. Ni Nasreen, Bwana Jeilani. Ni mdogo wangu."

Hapo akasikia viatu vinakimbia juu ya mbao za gati, na sauti ya Jeilani imekatikakatika kwa pumzi. "Mai yakupwa, Bi Nadra. Kumtukua nitamtukua, lakini ndia ya Mkanda haitaningoja. Yakikauka, itanibidi kuzunguka kwa nde, na kwa nde leo kuna mawimbi. Niombeeni dua." Injini ikanguruma, simu ikakatika.

Mkanda ni ule mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara, njia fupi ya kuja Lamu. Maji yakiwa mengi ni njia ya raha. Yakikupwa ni tope na mikoko. Nje ya Manda ni bahari kuu, inayokirusha chombo juu na kukipiga chini, na mwanamke anayetoka damu hapitishwi huko na mtu mwenye akili zake.

Nadra alimpigia Patroba, akamwambia ukweli: mashua ndiyo kwanza imetoka. Patroba hakupiga kelele. Alisema, "Dada, mimi nilikuwa namwambia atulie, mashua iko njiani." Angelimtukana, ingelikuwa nafuu.

Akarudi kwenye seva kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya kwa mikono yake, na kwa sababu huenda kuna mwingine kisiwa kingine naye amelala anangoja. Akamfungua Mpelekaji ndani. Programu ilikuwa hai, haikudanganya. Ilikuwa imeuuliza kitu mtambo wa kampuni ya simu tangu usiku uliopita, mtambo haukujibu, nayo ikaketi ikingoja jibu, inangoja, inangoja, haikufundishwa kukata tamaa. Sehemu yake ndogo ya kujibu hodi ilikuwa imesimama mlangoni, nzima kabisa. Nyuma yake ujumbe wa Patroba ulikuwa umelundikana. Wa kwanza ulikuwa wa heshima na maelezo marefu. Wa pili ulikuwa mfupi. Wa tatu ulisema tu, "Tafadhali." Hakukuwa na wa zahanati nyingine, na Nadra alimshukuru Mungu kwa hilo kisha akaona aibu kushukuru.

Alimuua Mpelekaji akamwasha upya, na ujumbe wote ukatoka kwa kishindo. Huko baharini king'ora cha Jeilani kililia mfululizo mfukoni mwake, wakati tayari Nasreen amelazwa kwenye boti juu ya godoro la zahanati, Patroba ameshika chupa ya maji ya dripu.

Nadra alifunga sabule akashuka pwani. Fawaz alikuja kutoka karakana ya useremala na mavumbi ya mbao kichwani, akasimama karibu naye. Bwana Abdulghafur naye alifika na tasbihi yake. Machela ya hospitali ilikuwa imewekwa tayari chini. Nadra alipiga simu ya Jeilani, haipatikani. Akampigia Patroba, hapatikani. Mkandani hakuna mtandao, hilo kila mtu analijua, Nadra analijua kuliko wote, lakini kulijua hakukumsaidia. Kimya ndicho hicho, kimekuja chenyewe. Alitazama ukuta wa gati unavyozidi kutoka uchi, chaza zinaonekana, tope linaonekana. Aliomba maji yasimame. Hakuwa mtu wa kuomba mambo ya ajabu, lakini aliomba hilo kwa sauti, na watu wazima waliokuwa pale wakajifanya hawasikii.

"Naogopa," alitaka kumwambia Fawaz. Badala yake akapiga tena simu ya Jeilani.

Boti ilitokea ikiwa imejaa tope mpaka juu ya ubavu. Walikwama Mkandani. Jeilani alishuka, na Patroba, na mume wa shangazi yake Nasreen aliyewasindikiza, wakaisukuma kwa mabega tope likiwafika kifuani, mpaka ikashika maji tena. Jeilani alikuwa hana viatu wala kofia. Nasreen alikuwa amefunikwa leso, midomo imekuwa rangi ya majivu. Alipomwona Nadra ameinama juu yake alifumbua macho.

"Siyambo, dada," alisema, kabla hajaulizwa.

Nadra alishika kona ya machela akaenda nayo mbio pamoja na wanaume.

Madaktari wa hospitali walimpasua jioni ile ile. Nasreen walimrudisha. Mtoto hawakumuwahi. Alikuwa wa kiume, ametimia viungo vyote, ana nywele nyingi. Daktari alitoka akawaambia kwa upole kwamba angelifika mapema kidogo tu mambo yangelikuwa mengine. Hakujua anamwambia nani. Fawaz na Bwana Abdulghafur walimzika asubuhi, na baba yake alifika kutoka baharini akakuta udongo mbichi.

Nadra alimwendea Bwana Abdulghafur akamweleza yote: mpangilio, hodi, jaribio aliloliondoa. Mzee alisikiliza, tasbihi imesimama mkononi.

"Kadari ya Mungu, mwanangu," alisema mwishowe. "Na maneno ya kukwambia uliate lile jaribio yalikuwa yangu."

Kadari ni ya Mungu, hatubishi. Mpangilio ulikuwa wa Nadra, na Nadra alilijua hilo. Alirudi sabuleni akamvunja Bawabu, akamwandika upya. Sasa haulizi kama mtu yu hai. Anatuma ujumbe kamili kutoka mwanzo, anaufuata mpaka simu ya Nadra ilie, na Nadra asipoisikia ikilia kwa wakati wake, hapo ndipo hatari ilipo. Mpokezi hasemi tena kuwa mashua inakuja mpaka nahodha mwenyewe ajibu kwa kidole chake. Na kila asubuhi king'ora hulia kwa manahodha wote, nao hubonyeza. Alimpigia Jeilani kumwomba ruhusa.

"Niite," Jeilani alisema. "Niite hata ukinikuta kwenye harusi ya mwanangu." Kisha akaongeza, "Ningeliipa heshima ile kengele yako siku ile, Bi Nadra..." Hakumaliza, wala Nadra hakumtaka amalize.

Lililobaki lilikuwa kumwambia Nasreen. Aliliahirisha siku baada ya siku. Alikwenda hospitali na uji, na mbaazi, na leso safi, akamsuka nywele, akamsomea, akatoka bila kusema. Usingizi ulimkimbia. Simu isipolia alidhani watu wanakufa, ikilia aliruka. Mama yake alimpigia kutoka Kizingitini kumuuliza hali, salama. Cherono akamuuliza, "Uko sawa, lakini?" Akajibu yuko sawa. Majirani, salama. Fawaz, salama.

Siku Nasreen aliporuhusiwa kutoka, alikuja kupumzika kwa Nadra kabla ya kurudi Ndau. Alilazwa kitandani karibu na dirisha. Nadra aliketi kwenye kiti, mikono imefumbatana mapajani, akamwambia. Alimwambia kuhusu Bawabu, na Mpelekaji aliyekwama, na pilau ya Jeilani. Alimwambia kwa mpango, bila kulia, kama mtu anayetoa ripoti.

Nasreen alisikiliza akitazama dari.

"Patroba alishanambia," alisema. "Nalingoja unambie wewe."

Punda akapita chochoroni, kwato zikagonga mawe mpaka zikapotea.

"Na mimi nalikwambia salama," Nasreen akaendelea. "Ulinuliza mwili, nikakwambia salama, na leso imelowa tele. Nilisema nisikutie hofu." Machozi yalimshuka kuelekea masikioni, hakuyafuta. Kisha akageuza kichwa, akamtazama dada yake: macho yaliyoingia ndani, buibui lililomlegea mwilini, kidole kinachogusagusa simu.

"Dada. Huyambo?"

"Siyambo, alhamdulillahi," Nadra akasema.

Nasreen hakuitikia. Alimtazama tu, akangoja. Nadra alitazama sakafu, akatazama simu, akarudi kumtazama mdogo wake, na bado Nasreen alikuwa anangoja.

"Ila..." Nadra akasema. "Ila naogopa, Nasreen. Naogopa tangu zamani. Silali. Naogopa kila kitu kikinyamaza, na sijamwambia mtu."

Nasreen alijisogeza upande, taratibu, mkono juu ya kidonda chake, akamwachia nafasi kitandani.

"Ndoo ulale hapa," alimwambia. "Zima hiyo simu kidogo."

Nadra hakuizima. Aliiweka juu ya godoro kati yao, mahali ambapo wote wawili wangeisikia, akalala.